MAELEZO KWA WANANCHI: MANENO YANAYOTUMIKA KUPANGA NYENZO ZA NYUKLIA NA MATUMIZI YAKE YASIYO SAHIHI

Maelezo haya yanatolewa kwa wananchi wote, na khasa kwa makarani na wachukuzi wa bandarini, wanunuzi wa vyuma chakavu, wafanyakazi wa hospitali na kila anayefuatilia habari za nchi za nje. Maneno kama "urani", "malighafi ya bomu", "kiwango cha silaha", "kundi la kwanza" na "mionzi" yamekuwa yakitumika kama kwamba yote yana maana moja. Sivyo yalivyo. Kila neno limewekewa mpaka wake katika mikataba na kanuni za kimataifa, ama kwa asilimia, ama kwa kilo, ama kwa jina la kitu chenyewe. Kulichukua neno la pahala pamoja na kulipeleka pengine kumekwishasababisha hasara ya fedha, khofu isiyo na msingi na, lililo baya zaidi, watu kujiona salama wakati wamo katika khatari.

Inafaa kwanza ieleweke kwamba nyenzo hizi hazikupangwa ili kujibu suala moja. Wapo waliotaka kujua kitu kihesabiwe vipi ili kisigeuzwe silaha kwa siri. Wapo waliotaka kujua kilindwe kwa ulinzi gani ili kisiibiwe. Na wapo waliotaka kujua mtu akae nacho mbali kiasi gani ili asidhurike. Ni masuala matatu, na yana orodha tatu mbali mbali zilizoandikwa na wataalamu tofauti katika miaka tofauti. Kitu kinaweza kuwa cha juu kabisa katika orodha moja na kisitajwe kabisa katika nyengine.

MAWE NA UNGA

Urani ni madini yanayopatikana katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Eneo la Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo katika Mkoa wa Ruvuma, linajulikana kwa hazina hiyo, na mwaka 2012 mipaka ya Pori la Akiba la Selous ilirekebishwa kwa sababu yake. Kwa wasemaji wa Kiswahili jina kongwe zaidi katika habari hii ni Shinkolobwe, mgodi wa Katanga nchini Kongo, ambao mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi cha kawaida. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu yake ya kwanza, yale ya mwaka 1945, ilitoka huko.

Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria za ukaguzi wa kimataifa, jiwe la Shinkolobwe likiwa bado ni jiwe si nyenzo ya nyuklia. Jambo hili huwashangaza wengi. Katiba ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliyoanza kutumika Julai 1957, inataja katika Ibara yake ya 20 makundi mawili. La kwanza ni nyenzo za asili, yaani urani kama ilivyoumbwa, urani iliyofifishwa, na thoriamu, zikiwa katika sura ya chuma, mchanganyiko wa vyuma, kampaundi ya kikemia au unga uliokolezwa. La pili ni nyenzo maalumu zenye kupasuka, nazo ni plutoniamu 239, urani 233, na urani iliyoongezewa kima cha isotopu ya 235 au ya 233. Mfano wa mikataba ya ukaguzi, uliochapishwa na Shirika hilo mwaka 1972, ukaeleza wazi kuwa nyenzo za asili zisifahamike kujumuisha mawe ya madini wala mabaki yake. Sababu ni ya kiutendaji: mkaguzi hawezi kuhesabu milima.

Mawe yakisagwa na kupitishwa katika dawa za kiwandani hutoka unga ambao wachimbaji huuita keki ya manjano, ingawa mara nyingi rangi yake ni kahawia au kijani kilichokoza. Hapo ndipo jina la nyenzo ya asili linapoanza kutumika, na uuzaji wake nje ya nchi kwa shughuli za nyuklia hutakiwa kuripotiwa. Lakini unga huo haulipuki, wala hauwezi kufanywa ulipuke kwa kuufungasha pamoja na baruti. Khatari yake iliyo karibu ni ya namna nyengine: ni metali nzito, na vumbi lake likivutwa au kumezwa hudhuru figo.

Mfano wa Iraq unastahili kuelezwa kwa urefu, kwani makosa yote mawili, la kutisha kupita kiasi na la kutoonya, yalitokea katika nchi moja na mwaka mmoja. Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush wa Marekani alilihutubia Bunge la nchi yake na kusema kuwa Iraq ilikuwa ikitafuta urani kwa wingi kutoka Afrika. Lilitajwa neno "urani" peke yake, na wasikilizaji wengi walifahamu kuwa lililotajwa ni bomu. Tarehe 7 Machi mwaka huo huo Mohamed ElBaradei, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Nguvu za Atomiki, aliliarifu Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizodai kuwepo kwa mauzo kutoka Niger hazikuwa za kweli. Na hata kama zingekuwa za kweli, kilichozungumzwa ni keki ya manjano, ambayo Iraq ilikuwa nayo tayari: tani 550 hivi, zilizokuwa zikijulikana na kukaguliwa katika kituo cha Tuwaitha karibu na Baghdad.

Vita vilipofika, walinzi wa Tuwaitha waliondoka. Wanavijiji wa jirani waliingia, wakaumwaga unga, wakachukua mapipa na kuyatumia kuhifadhia maji ya nyumbani. Mbele ya wananchi hawa neno lililokuwa limeitikisa dunia nzima halikuwa limeeleza lolote. Hakuna aliyewaambia mapema kuwa lililomo ndani ni sumu ya figo. Unga uliobaki ulisafirishwa hadi Canada mwaka 2008.

Mwezi wa Machi 2023 habari ya namna hiyo ilitokea tena. Shirika la Nguvu za Atomiki lilitoa taarifa kuwa mapipa kumi yenye tani 2.5 hivi za urani asilia hayakuonekana katika eneo moja la Libya. Baadhi ya magazeti yakaandika kuwa malighafi ya bomu imeibiwa. Siku chache baadae vikosi vilivyokuwa vikishikilia eneo hilo vilisema kuwa mapipa yamekutwa si mbali na pahala yalipokuwa. Upotevu huo ulikuwa jambo zito, na Shirika lilifanya vyema kulitangaza; lakini kati ya mapipa yale na silaha kuna kiwanda kizima ambacho wezi wa jangwani hawanacho.

KURUTUBISHA NI KUPEPETA

Kiwanda hicho ni cha kurutubisha. Neno hili tumelichukua kwa mkulima, na mkulima hurutubisha shamba kwa kutia mbolea. Kwa hivyo msikilizaji ana haki ya kudhani kuwa urani nayo hutiwa kitu. Haitiwi kitu. Kazi yenyewe inafanana zaidi na kupepeta. Urani ya asili ina chembe za aina mbili zisizotofautiana kwa sura wala kwa kemia: ile ya 238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99, na ile ya 235, ambayo ni asilimia 0.7 tu. Hii ya pili ndiyo inayopasuka kwa wepesi na kuendeleza mpasuko. Urani hufanywa gesi, ikazungushwa katika mashine zenye kasi kubwa mno, na chembe nyepesi zikajitenga kidogo kidogo na nzito. Laiti tungelisema "kupepeta urani" tangu mwanzo, baadhi ya makosa yasingelitokea. Lakini neno limekwishaenea, nasi tutaendelea nalo.

Makapi ya kazi hiyo huitwa urani iliyofifishwa, ambayo isotopu yake ya 235 imeteremka hadi asilimia 0.2 au 0.3. Kwa kuwa ni nzito kuliko risasi, hutumika katika vizito vya kusawazisha ndege, katika kinga za mashine za mionzi za hospitali, na katika risasi za kutoboa vifaru. Risasi hizo si silaha za nyuklia, kwani hakuna mpasuko wa viini ndani yake. Na wanaoziita hivyo wanakosea. Wanakosea vile vile wanaosema kuwa, kwa sababu imefifishwa, haina madhara, maana vumbi lake lina sumu ile ile ya keki ya manjano.

Sasa tufike kwenye asilimia, ambapo ndipo maneno yanapochanganywa zaidi. Vinu vingi vya umeme hutumia urani ya asilimia 3 hadi 5. Iliyo chini ya asilimia 20 huitwa urani iliyorutubishwa kidogo, na inayofika 20 na kuendelea huitwa iliyorutubishwa sana. Mpaka huu wa 20 ndio mpaka wa kisheria. Uliwekwa hapo kwa kuwa chini yake kiasi cha urani kinachohitajika kwa silaha huwa kikubwa hata kisifae. Ama "kiwango cha silaha", ambacho husemwa kuwa ni asilimia 90, hicho si mpaka wa mikataba ya ukaguzi. Ni mazoea ya watengenezaji wa silaha, yaliyopendelea asilimia hiyo ili bomu liwe dogo na jepesi. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na kilo 64 hivi za urani ya wastani wa asilimia 80. Kwa lugha ya magazeti ya leo, bomu hilo halikufika "kiwango cha silaha".

Kwa nini basi 20 iwe karibu na 90 kuliko inavyoonekana? Msomaji na achukue gunia lenye punje 1,000, ambazo 7 tu ndizo zinazotakiwa na 993 ni pumba. Ili zile 7 ziwe asilimia 4 ya kilichobaki, inabidi ziondolewe pumba 825. Ili ziwe asilimia 20, ziondolewe 965 kwa jumla. Kutoka hapo hadi kufikia asilimia 90 zimebakia kuondolewa 27 tu. Hesabu ya kiwandani ina mambo mengi kuliko ungo, lakini mwelekeo wake ndio huo: kazi kubwa hufanywa mwanzoni, pale ambapo asilimia bado zinaonekana ndogo.

Kwa msingi huu ndipo inapofahamika khabari ya Iran. Makubaliano ya Julai 2015 yaliiwekea nchi hiyo kikomo cha asilimia 3.67. Aprili 2021 ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60. Waandishi wengine walisema kuwa 60 ni bomu; wengine wakasema haijafika 90, kwa hivyo hakuna la kutia wasiwasi. Wa kwanza walisahau kuwa gesi iliyorutubishwa haiwi silaha mpaka igeuzwe chuma na kuundwa. Wa pili walisahau gunia: kwenye asilimia 60, kwa kila punje 7 zinazotakiwa zimebaki pumba tano hivi. Kwa mujibu wa sheria, 60 na 90 zote ni urani iliyorutubishwa sana, nazo hukaguliwa kwa ukali ule ule.

Kadhalika asilimia bila ya uzito haisemi kitu. Ghana na Nigeria zilikuwa na vinu vidogo vya utafiti kutoka China, kila kimoja kikiwa na kama kilo moja ya urani ya asilimia 90 hivi. Fueli hiyo ilirejeshwa China, ya Ghana mwaka 2017 na ya Nigeria mwaka 2018, na urani ya chini ya asilimia 20 ikachukua nafasi yake. Lilikuwa jambo la busara. Lakini aliyesema kuwa nchi hizo zilikuwa na urani ya bomu alitaja asilimia akaacha kilo, na kwa kilo zile bomu lisingelipatikana.

Kinyume chake ni fito la fueli lililoibiwa katika kinu cha Kinshasa, kinu cha kwanza katika Bara la Afrika, kilichowashwa mwaka 1959. Fito hilo lilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Urani yake, isiyofika gramu 200 hivi, ilikuwa chini kidogo ya asilimia 20. Kwa hivyo kisheria ilikuwa urani iliyorutubishwa kidogo, na kwa uzito haikukaribia silaha yoyote. Aibu ya tukio hilo ilikuwa ya ulinzi: fito lilikuwa limetoka bila ya kujulikana lilipokwenda.

PLUTONIAMU

Kwa plutoniamu maneno ni mepesi zaidi na udanganyifu wake ni mkubwa zaidi. Plutoniamu huzaliwa ndani ya kinu. Fueli ikikaa kinuni muda mfupi hutoka plutoniamu yenye isotopu kidogo ya 240. Ikikaa muda mrefu isotopu hiyo huzidi, nayo huwasumbua watengenezaji wa silaha. Marekani iliiita ile yenye chini ya asilimia 7 ya isotopu hiyo "ya kiwango cha silaha", na ile yenye kima cha juu "ya kiwango cha vinu". Kutokana na majina hayo ikaenea dhana kwamba plutoniamu ya vinu haiwezi kufanyiwa bomu. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa mwaka 1962 iliripua kwa majaribio silaha iliyotengenezwa kwa plutoniamu ya kiwango cha vinu. Hata tangazo hilo lina utata wake, kwani mwaka 1962 majina yalikuwa mawili tu, na daraja ya katikati iliongezwa baadae, katika miaka ya 1970.

Shirika la Nguvu za Atomiki halikujitia katika mabishano hayo. Kwa ukaguzi wake plutoniamu yote ni sawa, isipokuwa ile yenye asilimia 80 au zaidi ya isotopu ya 238, ambayo hutumika kutoa joto na umeme katika vyombo vya anga za juu kama Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977.

KILO ZA HESABU NA KILO ZA ULINZI

Wakaguzi hutumia kipimo kiitwacho kiasi cha kuzingatiwa, yaani kiasi ambacho kikipotea haiwezi kukanushwa kuwa pengine yaweza kutengenezwa silaha moja. Kwa plutoniamu ni kilo 8. Kwa urani iliyorutubishwa sana ni kilo 25 za isotopu ya 235. Kwa iliyorutubishwa kidogo ni kilo 75 za isotopu hiyo. Kwa urani asilia ni tani 10, na kwa iliyofifishwa ni tani 20. Yale mapipa ya Libya, kwa kipimo hiki, yalikuwa robo ya kiasi kimoja.

Wengine wamekichukua kipimo hicho kuwa ni mstari wa usalama, wakasema kuwa chini ya kilo 8 hapana neno. Bomu la Nagasaki lilikuwa na plutoniamu ya kilo 6 na kitu. Kilo 8 zimewekwa kwa kuhesabu pia kile kinachopotea kiwandani wakati wa kuchonga na kuyeyusha.

Kwa ulinzi dhidi ya wezi kipo kipimo chengine kabisa, nacho kimo katika Mkataba wa Ulinzi wa Nyenzo za Nyuklia uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 3 Machi 1980. Mkataba huu una makundi matatu yanayoandikwa kwa nambari za Kirumi. Kundi I ndilo linalotaka ulinzi mkali zaidi, na linaanzia kilo 2 za plutoniamu, au kilo 5 za isotopu ya 235 katika urani ya asilimia 20 na kuendelea. Kwa hivyo mzigo wa kilo 4 za plutoniamu ni nusu tu ya kiasi cha kuzingatiwa cha wakaguzi, lakini kwa walinzi umo katika kundi la juu kabisa. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anajibu suala lake.

KISICHOMO KATIKA ORODHA YOYOTE

Wananchi wanatanabahishwa juu ya kile kiitwacho zebaki nyekundu. Jina hili lilianza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dola ya Kisovieti ilipokuwa ikivunjika, likidaiwa kuwa ni dawa ya siri ya kutengenezea mabomu madogo ya nyuklia. Hakuna kitu hicho. Hakimo katika nyenzo za asili, wala nyenzo maalumu, wala orodha ya vyanzo vya mionzi. Pamoja na hayo, mwaka 2009 huko Saudi Arabia ilienea habari kuwa zebaki hiyo imefichwa ndani ya vyerahani vikongwe vya Singer, na bei ya vyerahani hivyo ikapanda mara nyingi kupita thamani yake. Watu walipanga foleni kununua cherahani cha bibi, wakakipima kwa simu ya mkononi.

Matapeli wa urani nao hufuata njia hiyo hiyo, na Afrika ya Mashariki na Kongo zimewaona sana. Huja na kisanduku kizito cha risasi, hati yenye mihuri mingi, na maneno mawili au matatu ya kitaalamu, wakisema kuwa yaliyomo ni urani ya kiwango cha silaha na kwamba yupo mnunuzi wa ng'ambo. Mwananchi hana haja ya kukifungua kisanduku ili aujue uongo huo. Urani iliyorutubishwa haiuzwi kwa mtu binafsi katika nchi yoyote, na anayekubali kuinunua huwa amefanya kosa hata kama kilichomo ni mchanga. Isitoshe, mara nyengine humo ndani huwamo kitu chenye mionzi ya kweli kilichoibiwa kiwandani au hospitali, na tapeli mwenyewe asijue alichokibeba.

MIONZI NA NAMBARI ZINAZOKWENDA KINYUME

Hapa ndipo penye khatari iliyo karibu nasi zaidi. Urani iliyorutubishwa sana, ikiwa haijaingia kinuni, mtu anaweza kuishika kwa glavu. Vyanzo vya mionzi vya hospitali na viwandani, kama kobalti 60 na sesiamu 137, havipasuki, havitengenezewi bomu la nyuklia, na kwa hivyo si nyenzo za nyuklia. Lakini chanzo kimoja chenye nguvu, kikiwa nje ya kinga yake, kinaweza kuua.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika zahanati iliyohamwa, wakang'oa mashine ya matibabu na kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu uliokuwa uking'aa rangi ya buluu gizani. Watu waligawana unga huo kama zawadi na wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya watu 100,000 walipimwa. Katika orodha za nyenzo za nyuklia unga ule haukuwa na nafasi hata moja. Ulikuwa hauhesabiwi na wakaguzi wa silaha, na ilipohamwa zahanati haukuwa na mlinzi.

Vyanzo hivyo hupangwa na Shirika la Nguvu za Atomiki katika makundi matano yanayoandikwa kwa nambari za kawaida, 1 hadi 5. Kundi la 1 ndilo kali zaidi, mfano mashine za kobalti za kutibu saratani. Kundi la 2 ni pamoja na vifaa vya kupigia picha viungio vya mabomba na vyuma. Kundi la 4 lina vile vipimo vya unyevu na ugumu wa udongo vinavyotumika katika ujenzi wa barabara. Kundi la 5 ndilo la chini kabisa. Msomaji na atambue kuwa Kundi la 1 la vyanzo vya mionzi na Kundi I la nyenzo za nyuklia hayana uhusiano wowote, ijapokuwa karani akiyaandika kwa haraka hufanana.

Kwa wafanyakazi wa bandarini upo mtego mwengine, nao ni lebo za usafirishaji. Mizigo yenye mionzi ni daraja la 7 katika bidhaa za khatari, na kila kifurushi hubandikwa lebo yenye alama ya mionzi na moja ya maandishi matatu. Lebo nyeupe yenye I ni ya kifurushi ambacho mionzi yake juu ya uso wake haizidi milisiverti 0.005 kwa saa. Lebo yenye nusu ya manjano na II ni ya kifurushi kisichozidi milisiverti 0.5. Lebo yenye nusu ya manjano na III ni ya kifurushi kinachoweza kufika milisiverti 2 kwa saa, yaani mara 400 ya kile cha kwanza. Hapa nambari kubwa ndiyo khatari kubwa. Aliyezoea kusikia kuwa "kundi la kwanza" ni kali na "la tatu" ni jepesi, akiziona lebo hizi atavipanga vifurushi kinyume: ataweka chenye I mbali na watu, na chenye III karibu na chumba cha wachukuzi. Msimamizi wa ghala na awaeleze watu wake jambo hili kwa mdomo, na si kwa karatasi pekee, kwani vifurushi vingi vya aina hii ni dawa na vifaa vya hospitali ambavyo hupita bandarini na uwanja wa ndege bila ya kelele yoyote.

Kwa mwenye duka la vyuma chakavu, dalili za kuangalia ni uzito usiolingana na ukubwa wa kitu, kinga ya risasi ndani ya ganda la chuma, na alama ya panga tatu za feni zilizozunguka doa. Mwaka 2007 iliongezwa alama nyengine kwa ajili ya vyanzo vya Kundi la 1, la 2 na la 3: pembe tatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Alama hiyo hubandikwa ndani ya mashine, karibu na chanzo chenyewe. Kwa hivyo anayeiona huwa amekwishafungua pahala pasipopaswa kufunguliwa. Kitu hicho kisikatwe, kisiyeyushwe wala kisihamishwe. Watu waondoke mita nyingi, mlango ufungwe, aliyekigusa anawe mikono na asile kitu kabla ya hapo, na taarifa ipelekwe mara moja kituo cha polisi kilicho karibu ili ifikishwe kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Mtoa taarifa aeleze alichokiona: rangi ya alama, nambari iliyoandikwa, ukubwa wa kitu na muda aliokaa nacho. Jina la kitaalamu la kitu hicho si lazima alijue.